Kamera ya laptopu, flashi ya steshenari na fundi wa windo: mwongozo kamili wa kujikinga na wadukuzi

Wakuu, kuna swali naletewa sana hapa Mtwara mjini, hasa na madogo wa vyuo vya STEMMUCO na TIA na walimu wanaokuja kupiga windo (kuwekewa Windows): eti fundi, ni kweli mtu anaweza kuniangalia kupitia kamera ya laptopu na mimi nisijue? Jibu ni ndio, inawezekana na imeshatokea, ila inavyotokea sivyo watu wanavyowaza. Wengi wanamuwaza jamaa yuko Urusi huko kavaa kofia ya koti anachapa maandishi ya kijani usiku kucha, wakati kwenye mashine zinazopita hapa mezani kwangu mlango alioingilia mdudu ni ule ule kila siku: flashi iliyotoka kuprinti, windo ya kreki (ya wizi, isiyolipiwa ila imelazimishwa kukubali), apu iliyotumwa kwa linki, au mtu wa ndani anayejua paswedi. Kwahiyo naanza na kamera yenyewe maana ndio iliyowaleta, halafu tutakaa sana kwenye flashi na kwa fundi, huko ndiko kwenye mambo. Menyu nazitaja kama zinavyosomeka kwenye skrini ili usipotee.

MDUDU MWENYEWE

Programu zinazofungua kamera ya mtu kwa siri zinaitwa RAT, kazi yake ni kuendesha kompyuta ya mtu kwa mbali bila mwenyewe kujua. Ikishakaa ndani, aliyeituma anaona skrini yako, anasoma unachochapa, anabeba mafaili, anawasha kamera akitaka. Na wala haihitaji mtu mwenye akili za ajabu. Mwaka 2014 polisi wa nchi kadhaa walikamata watu wa Blackshades, RAT iliyokuwa inauzwa dola 40, na FBI walisema ilishaingia kwenye kompyuta zaidi ya nusu milioni katika nchi zaidi ya 100. Dola 40 jamani. Cassidy Wolf, aliyekuwa Miss Teen USA 2013, alitumiwa picha zake zilizopigwa na kamera ya laptopu yake mwenyewe akiwa chumbani kwake, na aliyekuja kukamatwa ni kijana waliyesoma naye sekondari, akafungwa miezi 18. Hapo kwenye kusoma naye ndipo pa kuangalia, sio kwenye umiss.

Sasa kuna wanaosema mimi sina wasiwasi, kamera ikiwashwa si taa itawaka? Mara nyingi kweli inawaka, ila watafiti wa Johns Hopkins mwaka 2013 walionyesha kwamba kwenye MacBook za zamani za kabla ya 2008 kamera inaweza kurekodi taa ikiwa imezimwa. Mashine nyingi za sasa taa imeungwa na umeme wa kamera moja kwa moja, lakini hata ikiwaka sekunde mbili we umeinama unakula, utaiona saa ngapi?

HATUA YA 1: ZIBA KAMERA, ILA ZIBA VIZURI

Angalia kwanza kama mashine yako ina kifuniko chake. Laptopu nyingi za used tunazouziwa huku zilikuwa za maofisini Ulaya, ThinkPad, EliteBook, Latitude, na kwenye matoleo ya karibuni kuna kakifuniko kadogo sana juu ya kamera unakasukuma kwa kucha, watu wanatumia mashine miaka na hawajui kapo. Nyingine zina kitufe cha kuzima kamera kwenye ile safu ya F juu ya kibodi, tafuta chenye mchoro wa kamera iliyopigwa mstari.

Kama hakuna, bandika. Mark Zuckerberg mwenyewe mwaka 2016 alipiga picha ofisini laptopu yake ikaonekana nyuma imebandikwa selotepu kwenye kamera, na mkuu wa FBI wa wakati huo, James Comey, naye alisema mwaka huo huo kwamba anabandika ya kwake, kwahiyo usione aibu. Tatizo la huku kwetu ni joto. Selotepu ya kawaida ukiiacha miezi na hili jua la pwani gundi inalainika inahamia kwenye kioo cha kamera, siku una intavyuu ya Zoom unaonekana kama uko ndani ya mvuke. Fanya hivi: kata kipande kidogo cha karatasi, kiweke katikati ya selotepu upande wa gundi, ndio kikae juu ya kamera, gundi ishike pembeni tu. Au tumia ile plasta ya umeme nyeusi, kunja ncha moja iwe kama kamkia ka kubandulia. Zile kava za plastiki za kuteleza ni nzuri kwa laptopu nene, ila kwa MacBook ziache kabisa, Apple walitoa onyo 2020 kwamba ukiifunga ikiwa na kava nene skrini inaweza kupasuka, na bei ya hiyo skrini sitaki hata kuitaja.

Ukishaziba jua umeziba jicho tu. Sikio bado liko wazi, na mafaili, na paswedi. Kubandika stika halafu ndani una kreki iliyojaa wadudu ni kushusha pazia wakati mwizi kashakaa sebuleni. Tuendelee.

HATUA YA 2: FLASHI (hapa soma taratibu)

Mtwara, Lindi, Masasi, Newala, kote huku mambo yetu yanapita steshenari. Barua ya kuomba kazi, fomu ya mkopo wa chuo, ripoti ya shule, kopi ya kitambulisho cha NIDA, vyote unaweka kwenye flashi unaenda kuprinti, na ile kompyuta ya steshenari kwa siku inachomekwa flashi za mtaa mzima. Unarudi nyumbani unachomeka, unakuta mafolda yako yote yana kamshale kadogo pembeni, ukibonyeza yanafunguka kawaida, basi unasema ah ni virusi vya shotikati hivi, havina neno. Vina neno tena kubwa.

Kinachotokea ni hivi. Mdudu anajikopi kwenye flashi, anayaficha mafolda yako ya kweli, halafu anatengeneza shotikati zenye majina yale yale. Ukibonyeza "PICHA ZA HARUSI" unakuwa umemuwasha yeye kwanza, halafu ndio anakufungulia folda halisi ili usishtuke. Tazama saizi, shotikati inasoma KB 1 au 2, na kwenye safu ya aina ya faili imeandikwa "Shortcut". Wadudu wawili waliosumbua dunia kwa njia hii ni njRAT, ambayo Microsoft wanaiita Bladabindi, na Jenxcus, mpaka Juni 2014 Microsoft wakaenda mahakamani kuzima njia zao za mawasiliano. Na hizo zote mbili ni RAT, njRAT inafungua kamera na inasoma unachochapa. Yani ile flashi ya shotikati unayoicheka ndio mlango wa kamera yenyewe.

Kwahiyo fanya haya:

Kwenye mashine yako fungua folda yoyote, nenda "View" (Windows 11 ingia na "Show"), washa "Hidden items" na "File name extensions". Kuanzia hapo faili inayojifanya picha inajiumbua, unaona "harusi.jpg.vbs" au "CV.exe". Faili ya kusoma haiishii na .exe, .vbs, .js, .bat wala .scr, ukikuta hivyo usiguse.

Nenda setingi utafute "AutoPlay", zima. Ukichomeka flashi usibonyeze kitu kabla ya kuiskani: bonyeza kitufe cha kulia juu ya flashi, chagua "Scan with Microsoft Defender", hiyo ndio antivirasi ya Windows yenyewe. Flashi ya GB 16 haimalizi hata muda wa kuchemsha chai.

Kama mafolda yameshafichwa usifomati kwanza kwa hasira, vitu vyako bado vipo ndani. Skani, halafu fungua Command Prompt (ile skrini nyeusi ya kuandika amri), kama flashi yako inasoma E andika hivi na upige enta:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Mafolda ya kweli yanarudi kuonekana. Futa zile shotikati zote na faili lolote geni la .vbs au .js, hamisha vitu vyako, ndio ufomati flashi. Ukikaa dakika kadhaa shotikati zikajirudia zenyewe, mdudu yuko kwenye laptopu na sio kwenye flashi, ruka uende sehemu ya mwisho kabisa, "UKIHISI WAMESHAINGIA".

Halafu badilisha tabia yenyewe. Kama unachoenda kufanya ni kuprinti tu, geuza iwe PDF umtumie dada wa steshenari kwa namba yake ya WhatsApp ya kazi, flashi ibaki nyumbani. Ila usifungue WhatsApp yako kwenye kompyuta yake, wapo wanaoskani pale wanaprinti wanaondoka, chati zao zinabaki wazi mpaka jioni. Kama lazima flashi, tenga moja ya kuprintia tu, isiwe na kitu kingine, na ukirudi nayo fomati. Kuna na ujanja mwingine, memori kadi ndogo ukiiweka kwenye ile adapta yake kubwa, pembeni ina kakufuli ka kusukuma, ukikasukuma kompyuta inasoma bila kuandika. Sio kinga ya asilimia mia ila inasaidia sana, na kisomeo cha kadi ni bei rahisi.

Na kabla hujalipa, mwambie afute faili lako hapo kwenye desktopu na kwenye "Recycle Bin", mbele yako. Kuna desktopu za steshenari ukiangalia unakuta vyeti na NIDA za watu wa tangu mwaka juzi, mtu akitaka kusajili kitu kwa jina lako hana haja ya kudukua chochote. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na imeanza kutumika Mei 2023, una haki ya kudai taarifa zako zifutwe, usione unamsumbua mtu.

HATUA YA 3: WINDO YA KREKI NA SISI MAFUNDI

Naongea kama fundi kwahiyo mafundi wenzangu mnisamehe. Ukileta mashine "nipigie windo, niwekee na Office, Photoshop na antivirasi", asilimia kubwa utawekewa kreki, na ili kreki ikae fundi anaizima Defender kwanza maana Defender inaikataa. Baadhi ya hizo zana za kuamsha windo zinakuja na mzigo ndani, na fundi mwenyewe hajui, kaipata kwa fundi mwenzake, na yule kaitoa kwenye flashi ya mtu mwingine.

Chukua laptopu yako sasa hivi uangalie. Fungua "Windows Security", ingia "Virus & threat protection", kwenye "Manage settings" shuka mpaka chini kabisa kwenye "Exclusions". Hapo ndipo zinaandikwa sehemu ambazo Defender imeambiwa isiangalie. Kwa mtu wa kawaida panatakiwa pawe patupu. Ukikuta imeandikwa C:\ nzima ujue una mlinzi aliyeambiwa asigeuke, kila kitu kwenye mashine hakikaguliwi, na wewe unaona tiki ya kijani unalala. Futa hayo yote, washa "Real-time protection" na "Tamper Protection", halafu piga skani nzima.

Pili, angalia programu zilizomo. Setingi, "Apps", pitia orodha yote. AnyDesk na TeamViewer ni programu halali, mafundi tunazitumia kumsaidia mteja aliye Nachingwea bila kupanda gari, ila kazi ikiisha zinatolewa, maana zinaweza kuwekewa paswedi ya kuingia wakati wowote bila wewe kukubali. Ukiikuta na hujui nani kaiweka, toa. Tatu, "Accounts" halafu "Other users", kama kuna akaunti isiyo yako uliza ni ya nani. Nne, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja uende "Startup apps", ukiona kitu kinajiwasha na kina jina la herufi za ovyo ovyo na hakina jina la kampuni, kizime halafu kitafute.

Ushauri wangu kuhusu windo hautawapendeza wengi: bora ile isiyolipiwa kuliko ya kreki. Microsoft wanairuhusu idaunlodiwe bure kwenye tovuti yao, faili lake linapita GB 5, unaiweka bila kuiamsha, inafanya kazi na inapokea apdeti za ulinzi, adhabu yake ni maandishi ya "Activate Windows" kwenye kona na kukatazwa kubadili picha ya nyuma. Vumilia maandishi. Badala ya Office ya kreki kuna LibreOffice, bure na inafungua Word zako. Kama laptopu ni ya used, ilete ipigwe windo safi KABLA hujaingiza emaili yako, usianze kutumia ile uliyoikuta humo na akaunti ya mtu.

Na ukipeleka kwa fundi: picha zako toa kwanza uweke kwenye diski ya nje, toka kwenye emaili na Facebook kwenye brauza, paswedi usimuandikie kwenye kikaratasi kinachobandikwa juu ya laptopu, ukae pale pale kama unaweza. Kioo kikibadilishwa hakuna haja ya fundi kujua paswedi, kuwaka kunatosha kujua kioo kizima.

HATUA YA 4: UJUE NANI KATUMIA KAMERA

Windows 11 ni setingi, "Privacy & security", "Camera". Windows 10 ni "Privacy" halafu "Camera". Utaona apu zote zilizoruhusiwa, na chini kwenye programu za desktopu imeandikwa ni lini ya mwisho iligusa kamera. Hiyo tarehe na saa ndio ya kusoma kwa makini. Kama kuna kitu kimetumia kamera saa tisa usiku na we ulikuwa umelala, hiyo sio Zoom. Rudia hivyo hivyo kwenye "Microphone", hapa ndipo unaposhughulika na sikio maana kuibandika maiki selotepu hakusaidii kitu, sauti inapita.

Kama kamera huitumii kabisa, bonyeza kitufe cha kulia kwenye alama ya Start, "Device Manager", "Cameras", halafu "Disable device". Mdudu mwenye nguvu za admini anaweza kuirudisha, ndio maana selotepu inabaki pale pale. Na hilo la admini nalo, tengeneza akaunti mbili, moja ya admini yenye paswedi, nyingine ya kawaida ya kutumia kila siku, mdudu akiingia kwenye ya kawaida anakosa mamlaka mengi. Ni kazi ya dakika tano na sijui kwa nini watu hawafanyi.

HATUA YA 5: APDETI NA BANDO

Najua tatizo ni bando. Wengi mmeweka hotspoti ya simu kama "Metered connection" ili Windows isile MB, sawa, ila maana yake apdeti nyingi haziingii na mnakaa hivyo mwaka mzima. WannaCry ya Mei 2017 ilipopiga nchi 150 hivi, dawa yake Microsoft walikuwa wameshaitoa tangu Machi, waliolia wengi ni ambao hawakuapdeti au walikuwa na windo zilizostaafu. Tafuta siku moja kwa mwezi, bando la usiku au waifai ya ofisini, toa hiyo metered, apdeti kila kitu pamoja na brauza, rudisha.

Windows 10 Microsoft walisitisha ulinzi wake 14 Oktoba 2025, ukijiandikisha mpango wao wa nyongeza unasogea mpaka Oktoba 2026. Kama mashine haipokei Windows 11 na kazi zako ni kuchapa na intaneti, Linux Mint inatosha na zile exe za kwenye flashi haziwaki kule. Wenye Windows 7 mpaka leo, na mpo wengi nawajua, ulinzi uliisha Januari 2020.

HATUA YA 6: SIMU

Simu ina kamera mbili au zaidi, maiki, M-Pesa na unalala nayo kitandani, lakini hakuna anayeibandika stika. Kuanzia Android 12, na iPhone kuanzia iOS 14, juu kwenye kona kinatokea kidoti apu ikigusa kamera au maiki. Kwenye iPhone kijani ni kamera na chungwa ni maiki, Android kijani kwa vyote. Ukikiona na hujafungua kamera, vuta pazia la juu ukibonyeze kitakwambia apu gani. Android 12 kwenda juu kuna na vitufe vya kuzima kamera na maiki kwa simu nzima, viko kwenye ile pazia, kama huvioni bonyeza penseli uvivute. Simu za chini ya hapo ingia setingi, "Permission manager", "Camera", unyime kila isiyohusika, tochi haina shida na maiki yako.

Mdudu wa simu huku anakuja kama APK kwa WhatsApp: kadi ya mwaliko wa harusi, orodha ya majina ya ajira, apu ya mikopo. Apu haitumwi kwa chati, inatoka Play Store, basi. Za mikopo ndio balaa zaidi, unaipa ruhusa ya picha na majina yote ya kwenye simu halafu ukichelewa kulipa wanawatumia mashemeji zako meseji za deni lako. Benki Kuu Novemba 2024 ilitoa orodha ya apu na majukwaa 69 ya mikopo yasiyo na leseni. Na GB WhatsApp hizi, WhatsApp za kuchakachua zisizo za kampuni yenyewe, hujui nani kazitengeneza na ndio unampa chati zako zote.

Halafu mtu wa karibu. Dakika moja ukiwa bafuni inamtosha kuskani WhatsApp yako kwenye laptopu yake. Ingia WhatsApp, "Linked devices", kila usichokijua kitoe, halafu washa "Two-step verification" uweke PIN, sio mwaka wa kuzaliwa. Apu za kumfuatilia mtu zinapenda kujificha kwenye "Accessibility", ingia huko uangalie kuna apu gani imewashwa, kama hukuiweka we mwenyewe, izime uitoe. Ila kama unaishi na mtu mkorofi anayekuchunga, fikiria kwanza usalama wako, ukiitoa atajua, ongea na mtu unayemuamini kabla.

Laini zilizosajiliwa kwa NIDA yako zikague kwa *106#, na meseji za kitapeli za "tuma kwenye namba hii" namba yake ipeleke 15040.

HATUA YA 7: RUTA NA CCTV ZA MADUKANI

Fupi tu. Mwaka 2016 mdudu anaitwa Mirai aliteka kamera za CCTV na ruta nyingi sana duniani bila ujanja wowote, alikuwa na orodha ya paswedi za kiwandani zaidi ya 60 anajaribu moja moja, admin na admin, root na 12345. Mwenye duka aliyefungiwa kamera anazoziona kwenye simu, muulize fundi wako paswedi ni ipi, kama ni ile ile aliyoweka kwa wateja wake wote, badilisha leo. Ruta ya nyumbani vilevile. Na CCTV haikai chumbani, hata kama una mtoto mdogo.

Makarani wa AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima) msimu wa korosho nyie ndio mnanitisha zaidi. Laptopu moja ina majina ya wakulima, kilo zao na akaunti zao za benki, halafu hiyo hiyo mtoto anachezea gemu za kreki nyumbani. Mashine ya malipo ifanye malipo tu.

IKITOKEA EMAILI YA VITISHO

"Nimekurekodi kwa kamera yako ukiangalia picha chafu, lipa Bitcoin ndani ya saa 48." Hii ilianza kusambaa sana 2018 na bado inazunguka, na kinachowatetemesha watu ni kwamba ndani wameandika paswedi yako ya kweli. Paswedi hiyo wameipata kwenye tovuti iliyovuja zamani, ukiangalia ni ya miaka ile. Wanatuma kwa mamilioni, video hawana. Usijibu, usilipe, ila kama hiyo paswedi bado unaitumia popote, badilisha, na uangalie emaili yako kwenye haveibeenpwned.com imevuja wapi.

Kama mtu ana picha zako KWELI na amekutumia mojawapo, hapo ni jambo lingine. Usilipe, maana aliyelipwa mara ya kwanza anarudi. Usifute chati, piga skrinshoti zenye namba, jina na tarehe, nenda polisi upate RB (namba ya taarifa yako), kwa akina dada ulizia Dawati la Jinsia na Watoto. Kuingia kwenye kompyuta ya mtu bila ruhusa ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, faini isiyopungua milioni 3 au jela isiyopungua mwaka mmoja au vyote, kwahiyo usiambiwe ni mambo ya mapenzi mkamalizane nyumbani. Kuna tovuti ya StopNCII.org, inatengeneza alama ya picha hapo hapo kwenye simu yako bila picha yenyewe kutoka, mitandao kama Facebook na Instagram wanaitumia kuzuia isipandishwe. Hiyo ni kwa miaka 18 na kuendelea, chini ya hapo kuna Take It Down.

UKIHISI WAMESHAINGIA

Mpangilio ndio muhimu hapa, wengi wanaanza na kubadili paswedi kwenye mashine ile ile yenye mdudu, wanamuandikia mpya anazisoma.

Zima intaneti kwanza, waifai na hotspoti, chomoa kebo kama ipo. Chukua simu au kompyuta nyingine unayoiamini, badili paswedi ya emaili ndio ya kwanza kabisa, maana kwa emaili anaweza kurudisha nyingine zote, halafu benki, halafu mitandao, na uwashe uthibitisho wa hatua mbili kila mahali. Kwenye Google ingia sehemu ya vifaa utoe vyote usivyovijua.

Rudi kwenye laptopu: "Virus & threat protection", "Scan options", chagua ile ya "offline scan". Mashine itajizima na kuwaka yenyewe, inaskani kabla Windows haijaamka ndio maana mdudu anakosa pa kujificha, inachukua kama robo saa, hakikisha chaji imejaa maana umeme ukikatika katikati ni shida nyingine. Ikikuta RAT na kuifuta, mimi bado siiamini hiyo windo, napiga mpya. Kopi picha, dokumenti na vitu vya kusoma tu, installer na kreki za zamani usizibebe hata moja, futa diski nzima, weka windo safi, apdeti, ndio urudishe mafaili baada ya kuyaskani. Fundi akikwambia ana windo nzuri tayari kwenye flashi yake imeshakuwa na kila kitu, mwambie unataka ile ya kutoka kwa Microsoft, na umlipie bando la kuidaunlodi.